Mke mwenza wa rangi ya mafuta: uhakiki wa riwaya L'Œuvre ya Émile Zola

Katika sura ya nane ya riwaya hii kuna sanamu ya udongo inayoanguka. Mchongaji Mahoudeau amefinyanga mwanamke anayeoga, na kwa kuwa hana pesa ya kununulia vyuma, ndani ya sanamu ameweka mipini ya mifagio iwe kiunzi. Ni majira ya baridi kali na udongo umeganda. Siku rafiki yake anapokuja kuitazama, jiko linachochewa. Joto linaenea, barafu iliyomo ndani ya udongo inayeyuka, mti unalia, na tumbo la sanamu linatikisika kana kwamba mwanamke yule anataka kushuka. Kisha anakatika kwenye vifundo vya miguu. Nyayo zinabaki zimegandamana na ubao, na mwili mzima unamwangukia Mahoudeau aliyenyoosha mikono ili amdake.

Aliyewahi kufinyanga kitu kikubwa ataona mara moja kwamba mwandishi anajua anachokisema. Udongo wa sanamu hufunikwa vitambaa vyenye maji ili usikauke na kupasuka. Maji hayo yakiganda hutanuka na kuuachanisha udongo na kiunzi. Yakiyeyuka, udongo unakuwa tope zito lisiloshikwa na chochote. Kiunzi cha chuma chenye waya na vijiti vilivyofungwa mtambuka kingeubeba mzigo huo. Mpini wa fagio ni mviringo na laini, hauna pa kuukamata udongo, na ukishalowa muda mrefu hupoteza nguvu. Kisa hiki ni cha kurasa chache tu. Msomaji anayetaka kujua kama riwaya inamfaa anaweza kuanza nacho kabla hajaamua kuhusu kitabu kizima.

L'Œuvre, yaani "Kazi ya sanaa", ni riwaya ya 14 kati ya 20 za mfululizo wa Rougon-Macquart, ambamo Zola, mwandishi Mfaransa, anaufuatilia ukoo mmoja. Ilitoka kwa vipande katika gazeti la Gil Blas kuanzia Desemba 1885 hadi Machi 1886, kisha ikawa kitabu mwaka huo huo kwa mchapishaji Charpentier wa Paris. Ina sura 12. Hakuna ulazima wa kuzisoma zile 13 zilizotangulia. Inatosha kujua kwamba mhusika mkuu, Claude Lantier, ni mtoto wa Gervaise, mfua nguo wa L'Assommoir, riwaya nyingine ya mfululizo huo, na kwamba Zola anaamini mtoto hurithi ufa wa akili kutoka kwa ukoo wake. Imani hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika kitabu, na tutairudia.

Claude anatoka Plassans, mji wa kubuni uliojengwa kwa mfano wa Aix-en-Provence alikokulia Zola mwenyewe. Mzee mmoja mpenda picha alimsomesha, na alipofariki akamwachia mapato ya faranga 1,000 kwa mwaka. Kiasi hicho ni cha kukumbuka tangu mwanzo. Ni kidogo, lakini kinamtosha kula bila kumnyenyekea mtu, na ndicho kinachompa uwezo wa kukataa kuchora kile ambacho soko linataka. Msiba wa nyumba yake unaanza pale anapoacha kula mapato na kuanza kuumega mtaji, leo kidogo, kesho kidogo, ili kulipia turubai moja.

Usiku mmoja wa Julai, saa nane, mvua ya radi ikinyesha, anamkuta msichana amejibanza mlangoni pake, Quai de Bourbon katika kisiwa cha Saint-Louis. Ni Christine Hallegrain, binti wa kapteni wa jeshi, yatima, anayetoka Clermont kwenda kumsomea vitabu mama tajiri anayeitwa Bi Vanzade huko Passy. Treni ilichelewa na mvua imemkamata. Claude, ambaye hawaamini wanawake, anamlaza kitandani pake nyuma ya kiwambo. Asubuhi jua limejaa chumbani, msichana bado amelala, shuka imeteleza kifuani. Claude anachukua karatasi na kuanza kuchora.

Kwa kurasa hizo Zola ameshasema kila kitu kuhusu watu hawa wawili. Kijana hamwoni msichana. Anaona umbo ambalo amelitafuta kwa miezi kwa ajili ya picha yake na modeli wa kulipwa hawakumpatia. Christine anapozinduka na kukuta macho ya mtu mgeni yamemganda, anaona aibu hadi machozi. Naye Claude anachukizwa, kwa sababu mkao umeharibika. Riwaya nyingi za wasanii huanza na mapenzi kisha kazi ikaja kuyavuruga. Hapa kazi ndiyo inayotangulia, mapenzi yanaingia kwa mlango wake, na mlango huo haufungwi tena.

Picha anayoishughulikia wakati huo inaitwa Plein air. Ina mita tano kwa tatu: mwanamke uchi amelala kwenye nyasi chini ya miti, mwanamume aliyevaa koti la mahameli ameketi kwa kutupa mgongo, na kwa mbali wanawake wawili wadogo wanacheza mieleka. Ndugu yake halisi anajulikana, ni Le Déjeuner sur l'herbe ya mchoraji Édouard Manet, iliyooneshwa 1863 kwa jina la Le Bain. Ile ya Manet ina sentimita 208 kwa 264.5. Zola ameikuza kwa makusudi, na ukubwa huo ni dalili ya kwanza ya ugonjwa wa Claude: kila anaposhindwa, jibu lake ni kuongeza mita.

Kichwa cha mwanamke wa pichani ni cha Christine, lakini mwili ni wa modeli wengine na haukubaliani nacho. Kwa miezi Christine amekuwa akimtembelea kama rafiki, wanatembea kando ya mto Seine, hakuna aliyemgusa mwenzake. Katika sura ya nne anaona jinsi kijana anavyoteseka kwa mwili ule usiokamilika, na bila kuombwa kwa neno lolote anavua nguo na kujilaza. Kikao kile ni mojawapo ya sehemu bora kabisa za kitabu. Zola haoneshi ashiki. Anaonesha shughuli: mtu mmoja hapaswi kusogea, mwingine anashindana na mwanga kabla haujageuka, na wote wawili wako kimya. Aibu inarudi tu brashi zinapowekwa chini, wakati Christine amekwisha kuvaa.

Sura ya tano inatupeleka kwenye maonyesho ya waliokataliwa. Msingi wake ni tukio la kweli. Mwaka 1863 jopo la Salon, maonyesho rasmi ya serikali, lilikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizopelekwa. Malalamiko yalipozidi, Napoleon III, mtawala wa Ufaransa, aliamuru zilizokataliwa zioneshwe kando, katika jengo lile lile la Palais de l'Industrie, watu wajiamulie. Maonyesho hayo yalifunguliwa Mei 1863, na watu waliamua kwa kucheka. Zola anauelezea umati ule kwa kicheko chake: kinavyoanza kwa mtu mmoja, kinavyoambukiza chumba kizima, hadi watu wanaingia wakiwa tayari wanacheka kabla hawajaona kitu. Christine naye alikwenda. Aliusikia umati ukiucheka mwili wake mwenyewe. Usiku huo anakuja kwa Claude, na ndiyo mara ya kwanza wanalala pamoja. Anakuja kumfariji aliyeshindwa, akiwa amebeba nusu ya aibu ya kushindwa huko.

Kwa ajili ya Claude anaondoka kwa Bi Vanzade, ambaye alikuwa na nia ya kumrithisha mali. Wanahamia Bennecourt, kijiji cha ukingoni mwa Seine ambako Zola mwenyewe aliwahi kukaa ujanani. Sura ya sita ni ya furaha na ni fupi kuliko furaha hiyo inavyostahili. Kuna kitu kidogo ndani yake ambacho msomaji asikipite haraka. Christine anamuuliza Claude kwa nini mti alioupaka una rangi ya buluu. Claude anamwonesha mti wenyewe, na kweli, majani yamechukua buluu ya anga. Tangu siku hiyo Christine anaona, lakini haipendi zaidi picha kwa sababu hiyo. Mama yake alikuwa akichora feni za mkononi, yeye mwenyewe amewahi kushika brashi, hivyo si mjinga wa mambo haya. Anaielewa sanaa vya kutosha kuijua kuwa ni mpinzani wake. Wakati huo huo mtoto wao Jacques anakua bila kutazamwa sana, kwa kuwa mama naye moyo wake wote uko kwa mume. Zola hamtetei.

Wakirudi Paris, Claude anapata wazo ambalo litamla. Akiwa kwenye daraja la Saints-Pères anaiona Île de la Cité, moyo wa jiji, na bandari ya Saint-Nicolas mbele yake. Anakodi banda mtaa wa Tourlaque, Montmartre, kwa sababu turubai la mita nane kwa tano haliingii mahali pengine. Hizo ni mita 40 za mraba, zinazochorwa na mtu mmoja juu ya ngazi kubwa.

Zola hasemi wazi kwa nini picha ile isingeweza kufaulu, na hilo ni pengo. Lakini maelezo yote ya kiufundi yamo kitabuni kwa anayejua pa kuyatafuta. Kwanza ni mwanga. Claude anataka picha kubwa ya nje, yenye jua la saa moja ya siku moja. Uchoraji wa nje uliwezekana kwa sababu ya vitu vidogo: rangi katika mirija ya bati, uvumbuzi uliosajiliwa na Mmarekani John Rand mwaka 1841, na turubai ambalo mtu hulibeba kwa mkono mmoja. Saa moja inatosha kufunika turubai dogo kabla kivuli hakijahama. Mita 40 za mraba huchukua miaka, na mwanga wa banda si mwanga wa mtoni. Claude Monet, mchoraji halisi wa zama zile, alilijua hilo kwa gharama yake. Kati ya 1865 na 1866 alianza pikiniki yenye upana wa mita sita hivi, akaiacha bila kuimaliza. Baadaye aliiacha rehani kwa mwenye nyumba, unyevu ukaiharibu, na vipande vilivyookolewa viko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris. Picha iliyofuata, Femmes au jardin, ilikuwa na mita mbili na nusu tu kwa kimo, na bado alilazimika kuchimba handaki bustanini ili aishushe na kuifikia sehemu ya juu bila kubadilisha mahali pa kutazamia. Nayo Salon ya 1867 iliikataa.

Pili ni umbali. Mtu aliye juu ya ngazi anaona kipande cha mkono, haoni mwili. Lazima ashuke, arudi nyuma hatua nyingi, atazame, apande tena, na akifika juu kile alichokiona kimeshapotea. Ndiyo maana katika riwaya vipande vya Claude ni vya ajabu ilhali picha nzima haisimami. Rafiki zake wote wanasema hivyo kwa namna moja au nyingine: anapoanza hana mpinzani, hajui kumaliza.

Tatu ni rangi yenyewe. Claude anakwangua kwa kisu na kupaka upya, anakwangua tena, miaka kwa miaka, na juu ya hayo anaingiwa na nadharia ya rangi zinazokamilishana na kuanza kukokotoa badala ya kutazama. Rangi ya mafuta haivumilii kurudiwa hivyo. Tabaka lenye mafuta mengi likiwa chini ya tabaka lenye mafuta machache, la juu hukauka kwanza na kupasuka. Tabaka bichi likichanganyika na bichi, rangi safi hugeuka matope. Riwaya inayaona matope hayo na kuyaita wazimu. Fundi angeyaita matokeo ya kawaida ya njia mbaya ya kazi.

Halafu kuna mwanamke. Katikati ya mto, mbele ya mabohari na makuli, Claude anamsimamisha mwanamke uchi ndani ya mashua. Rafiki yake Sandoz, mwandishi, anamuuliza mwanamke huyo anafanya nini pale. Claude hana jibu linaloridhisha, na hamwondoi. Wanafunga ndoa wakati huo huo, na ndoa inakuwa mwanzo wa mwisho wa unyumba wao. Claude anaanza kuamini kwamba nguvu anayoitumia kitandani anaiibia picha, kwamba msanii wa kweli hulala na kazi yake tu. Ni imani iliyokuwa na wafuasi wengi Paris ya karne ile. Zola anaieleza bila kuicheka, na anaonesha nani anailipia.

Sura ya tisa ndiyo kiini cha kitabu. Christine anasimama uchi kwa saa nyingi kwa ajili ya yule mwanamke wa kwenye mashua. Zamani alijivua kama zawadi. Sasa ni kazi isiyo na mshahara, amri za "geuka", "inua mkono", "usipumue hivyo", na jicho linalompima bila kumwona. Kisha siku moja Claude anaulinganisha mwili wake na ule wa kwenye picha za zamani, anamwonesha ulipolegea, na kumwambia kwa ufupi kwamba anayetaka kuwa modeli hapaswi kuzaa. Hakuna sehemu nyingine kitabuni inayoumiza kama hiyo, na inaumiza kwa sababu Claude hasemi kwa ubaya. Anatoa taarifa ya kikazi.

Msomaji wa Kiswahili ana neno ambalo Zola hakuwa nalo kwa ufupi namna hii. Yule wa turubaini ni mke mwenza. Ana chumba kikubwa kuliko mwenye nyumba, anapewa saa zote za mchana, na anapendeza kwa mwili alioazimwa na mkubwa wake. Christine anamwonea wivu kama mtu hai, anamsikia, anamtukana moyoni. Ubaya zaidi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemlea. Riwaya ikisomwa kwa jicho hilo inabadilika: haiwi tena hadithi ya fundi mkubwa aliyesongwa na wajinga, inakuwa hesabu ya kile ambacho mtu mmoja alikilipa ili mwingine atamani ukuu.

Jacques anafariki katika sura hiyo hiyo. Claude analia, kisha anaanza kukitazama kile kichwa kwenye mto, rangi yake, mwanga ulivyokishika. Anachukua turubai dogo na kuchora kwa saa kadhaa. Mwanzoni machozi yanamzuia kuona, baadaye yanakauka na inabaki kazi. Wapo watakaosema hakuna baba wa namna hiyo. Wakumbuke kwamba Monet alimchora mkewe Camille akiwa kitanda cha mauti mwaka 1879, na baadaye alikiri kwamba alijikuta akifuatilia jinsi rangi za uso wake zilivyokuwa zikibadilika. Picha hiyo ipo, iko Orsay, na haimfanyi Monet kuwa jitu katili.

Picha ya mtoto ndiyo pekee ya Claude inayokubaliwa na Salon, na namna inavyokubaliwa ni somo kamili la jinsi taasisi zinavyofanya kazi. Sura ya kumi inaingia chumba cha waamuzi. Picha zimepangwa ukutani kwa mamia, watumishi wanashika kamba kulizuia jopo lisisonge, mwenyekiti ana kengele, na kura zinapigwa kwa kuinua mkono, fimbo au mwavuli. Mchoraji Henri Gervex alilichora tukio kama hilo hilo miaka ile ile, miavuli hewani, na picha yake inafaa kutazamwa pamoja na sura hii. Waamuzi wamechoka, miguu inauma, wanapiga kura bila kuangalia, wanabadilishana fadhila: pitisha mwanafunzi wangu nami nitampitisha wako. Kila mwamuzi ana haki ya picha moja ya "sadaka" inayoingia bila kujadiliwa. Fagerolles, rafiki wa zamani aliyechukua mtindo wa Claude, akauzimua na kupata umaarufu, anatumia sadaka yake kwa mtoto yule aliyekufa. Kisha picha inatundikwa juu kabisa, mahali ambapo jicho halifiki. Claude anazunguka ukumbi baada ya ukumbi akiitafuta kazi yake mwenyewe, wakati watu wamejazana mbele ya ile ya Fagerolles iliyo usawa wa macho.

Kuhusu wachuuzi wa picha, Zola anawaweka wawili ili tuone zama mbili. Malgras ni wa zamani: koti chafu, jicho kali, hununua michoro ya vijana kwa faranga chache na kuiuza kwa faida ndogo ya haraka. Anamwagiza Claude picha ya kamba mkubwa wa baharini, na malipo yake ni kamba huyo huyo, amle na rafiki zake. Ni bahili lakini anapenda picha nzuri na anaijua akiiona. Naudet ni wa zama mpya. Yeye hajali kama picha ni nzuri. Anamtafuta tajiri asiyejua kitu, anamuuzia kwa bei kubwa, na kumwandikia ahadi kwamba baada ya mwaka atainunua tena kwa bei ya juu zaidi. Katika mwaka huo anazisukuma bei za mchoraji yule yule kwa wanunuzi wengine. Tajiri akiona bei imepanda harudishi picha. Ananunua ya pili. Mtambo huu unakwenda mradi bei zinapanda tu. Siku soko linapositasita, wote waliopewa ahadi wanazirudisha kwa pamoja na hakuna fedha ya kuzilipa. Fagerolles, aliyejijengea jumba kwa bei za Naudet, anaanguka naye. Anayefuatilia minada ya sanaa leo hatahitaji maelezo ya ziada.

Kasoro sasa. Ile ya urithi wa damu tumeigusa: kila Claude anapokaribia kuwa mtu aliyeshindwa kwa sababu zinazoeleweka, Zola anatukumbusha ukoo wake mgonjwa, na sababu zote nzuri alizokwisha kutuonesha zinapoteza uzito. Wanawake wengine ukiacha Christine na Henriette, mke wa Sandoz, ni vikaragosi. Irma Bécot na Mathilde wapo ili mmoja awe tamaa yenye uso mzuri na mwingine tamaa yenye uso mbaya. Wakati nao umechanganyika. Hadithi inapita katika utawala wa Napoleon III, lakini jopo, bei na majumba ya wachoraji ni ya Paris ya miaka ya 1880, ambayo Zola aliiona akiandika. Sura ya saba ina matembezi na mazungumzo ya mikahawani yanayorefuka, na msomaji asiyejali ugomvi wa vijana wa wakati ule anaweza kuikimbia bila kupoteza njia. Sura ya 11 isirukwe. Ni karamu moja tu, marafiki wale wale mezani kwa Sandoz, na kila mmoja anamlaumu Claude kwa maisha yake mwenyewe.

Swali la mchoraji Paul Cézanne haliepukiki. Yeye na Zola walikuwa marafiki tangu shule huko Aix, na Claude amechukua mengi kutoka kwake, pamoja na mengi ya Manet na Monet na hata ya Zola mwenyewe. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba kitabu hiki kiliuvunja urafiki wao, kwa ushahidi wa barua fupi ya Cézanne ya Aprili 1886, ya shukrani na yenye ubaridi, iliyodhaniwa kuwa ya mwisho. Mwaka 2013 ilijitokeza barua nyingine, ya Novemba 1887, ambamo Cézanne anamshukuru Zola kwa kitabu kilichofuata na kuahidi kumtembelea. Kwa hiyo hadithi ya kuvunjika ghafla haisimami. Aliyesema wazi kwamba amesikitika ni Monet: alimwandikia Zola kwamba anahofia maadui watakitumia kitabu kuwapiga wachoraji wenzake. Hofu yake ilikuwa na msingi. Zola alikuwa amemtetea Manet magazetini tangu 1866, na riwaya inayomwonesha mchoraji mpya kama mtu asiyeweza kumaliza kazi ilikuwa silaha iliyotoka ndani ya kambi. Historia imejibu, kwani vipande "visivyokamilika" vya wachoraji wale ndivyo vinavyojaza foleni Orsay leo. Riwaya haikuweza kuwaza kwamba mchoro wa haraka wa Claude, ule ambao kila mtu aliusifu kisha akangoja picha yenyewe, ndio uliokuwa picha yenyewe.

Kwa wa kusoma: wenye Kifaransa, na wako wengi Lubumbashi na Bujumbura, wasome matini asilia, ambayo haina tena haki za kunakili na inapatikana bure mtandaoni. Kifaransa chake si kigumu, isipokuwa msamiati wa studio na maelezo marefu ya anga juu ya Seine. Kwa Kiingereza kuna tafsiri mbili. Ile ya Ernest Vizetelly, His Masterpiece, ni ya bure lakini ilipunguzwa makali kwa kuogopa sheria za Uingereza, ambako baba yake alifungwa 1889 kwa kuchapisha riwaya za Zola. Ile ya Thomas Walton ya 1950, iliyopitiwa upya na Roger Pearson kwa toleo la Oxford World's Classics la 1993, inauzwa na ina maelezo ya wahusika halisi. Kwa kitabu kingine tofauti hiyo ingekuwa ya wataalamu. Kwa hiki inagusa moyo wenyewe wa jambo: makali yaliyopunguzwa yako kitandani na kwenye vikao vya uchi, yaani kwa Christine, na usiku wa mwisho wa sura ya 12, anapomvuta mumewe kutoka mbele ya turubai kwa mwili wake wote na kudhani ameshinda, haueleweki ukisimuliwa kwa haya. Asubuhi anamkuta amejinyonga kwenye ngazi ile ile ya kuchorea, uso umeelekezwa kwa yule mwanamke wa kwenye mashua.